Subhas Chandra Bose na jeshi lake: nani alijitolea, na kwa sababu gani?

Tarehe 17 Februari 1942, siku mbili baada ya Singapore kuangukia mikononi mwa Wajapani, mateka wa Kihindi wapatao 45,000 walikusanywa katika uwanja wa Farrer Park. Hadi juzi yake walikuwa askari wa Mfalme wa Uingereza. Afisa wa Kiingereza akasimama, akasema maneno machache, akawakabidhi kwa Wajapani kama mtu anayekabidhi funguo za ghala. Kisha meja wa ujasusi wa Kijapani, Fujiwara Iwaichi, akawaambia kwamba Japani inawaona kama ndugu wa Asia, na anayetaka kupigania uhuru wa India ajitokeze. Baada yake akazungumza Kapteni Mohan Singh, Mhindi mwenzao aliyetekwa kaskazini mwa Malaya miezi miwili nyuma.

Waliojitokeza siku ile na miezi iliyofuata ndio walioanzisha Jeshi la Taifa la India, ambalo baadaye liliongozwa na Subhas Chandra Bose. Ukilitaja jina la Bose mjini Kolkata utasikia "Netaji", yaani kiongozi mheshimiwa. Ukilitaja mbele ya mtu aliyejifunza Vita Kuu ya Pili kwa vitabu vya Ulaya, atakuuliza: huyu si ndiye aliyepeana mkono na Hitler? Wote wawili wana haki ya kusema wanachosema. Tatizo la ubishi huu wa "shujaa au msaliti" ni kwamba unamchukua Bose na makumi ya maelfu ya waliomfuata na kuwatia wote kapu moja. Bose alichagua njia yake akiwa na elimu, jina kubwa na milango mingine iliyokuwa wazi. Wafuasi wake walichagua wakiwa ndani ya seng'enge, au wakiwa na njaa kwenye shamba la mpira, na wengine, ni kweli, kwa moyo wao wote. Hesabu ya mmoja haiwezi kulipwa na mwingine.

Tuanze na yeye.

Alizaliwa Cuttack mwaka 1897, mtoto wa wakili mwenye uwezo, akasoma Calcutta na kisha Cambridge. Mwaka 1920 alifaulu mtihani wa utumishi wa juu wa serikali ya kikoloni akishika nafasi ya nne, kazi ambayo Mhindi akiipata familia nzima ilikuwa imeshatoka kimaisha. Mwaka uliofuata akaiacha. Akaingia katika Congress, chama kikuu cha kupigania uhuru wa India, akafungwa mara kadhaa, akawa meya wa Calcutta mwaka 1930 na rais wa Congress mwaka 1938. Alipogombea tena 1939 dhidi ya mtu aliyeungwa mkono na Gandhi, alishinda kwa kura zaidi ya 200. Gandhi akasema hadharani kwamba kushindwa kwa mgombea yule ni kushindwa kwake yeye. Kuanzia hapo Bose alikuwa rais asiye na watu wa kufanya naye kazi, na baada ya miezi michache akajiuzulu.

Walitofautiana hasa kuhusu bunduki. Gandhi aliamini kwamba njia chafu huchafua hata uhuru utakaopatikana. Bose aliona kwamba Uingereza haitaondoka India kwa kuonewa haya, na kwamba vita vinavyonukia Ulaya ni fursa isiyorudi. Wahenga wa Kiswahili wangemwelewa mara moja: vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Lakini ingekuwa kumpamba tukisema aliipenda bunduki kwa sababu ya shida tu. Mwaka 1928, Congress ilipokutana Calcutta, Bose ndiye aliyesimamia vijana wa kujitolea. Aliwapanga kijeshi, yeye mwenyewe akavaa sare ya kijenerali iliyoshonwa na mafundi wa Kiingereza, akapiga saluti na kukagua gwaride. Katika maandishi yake ya 1935 alisema wazi kwamba India inahitaji mchanganyiko wa mambo ya kifashisti na ya kikomunisti. Hata baadaye alishikilia kwamba nchi ikishapata uhuru itahitaji mkono wa chuma kwa miaka mingi. Kwa hiyo alipofika Berlin hakuwa mtu aliyepotea njia.

Alivyofika huko ni hadithi ambayo ingeandikwa na mtunzi, msomaji angesema imetiwa chumvi. Mwishoni mwa 1940 alikuwa amegoma kula gerezani, Waingereza wakaogopa asije akafia mikononi mwao, wakamrudisha nyumbani Calcutta chini ya ulinzi. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Januari 1941 alitoka kwa gari lililoendeshwa na mpwa wake, amevaa kama wakala wa bima wa Kiislamu aitwaye Muhammad Ziauddin. Akapanda treni hadi Peshawar, akavuka kuingia Afghanistan akijifanya Mpashtuni bubu na kiziwi, kwa sababu lugha yao hakuijua. Kutoka Kabul akasafiri kwa pasipoti ya Kiitaliano yenye jina la Orlando Mazzotta, akapitia Moscow, na mwanzoni mwa Aprili akawa Berlin.

Huko alipewa kituo cha redio, ofisi, na ruhusa ya kuunda kikosi kutoka kwa Wahindi waliotekwa Afrika Kaskazini. Walipatikana kama 3,000, nao waliapishwa kwa jina la Hitler na la Bose pamoja. Kile alichokitaka hasa, tamko rasmi la Ujerumani kwamba India itakuwa huru, hakukipata. Alikutana na Hitler mara moja tu, Mei 1942, na akatoka mikono mitupu. Hitler aliwadharau Wahindi na alikuwa ameshaandika hivyo. Bose alilijua hilo na aliwahi kulilalamikia tangu miaka ya 1930. Alilalamikia matusi dhidi ya watu wake. Kuhusu Wayahudi waliokuwa wakikamatwa na kusafirishwa kwenda kuuawa katika miaka hiyohiyo aliyoishi Berlin, hakuna siku aliyosimama hadharani kuwatetea. Wanaomtetea husema alikuwa mgeni asiye na nguvu. Ni kweli. Ila ugeni huo aliutafuta mwenyewe, kwa miguu, akivuka milima.

Februari 1943 akaondoka Kiel kwa nyambizi ya Kijerumani pamoja na msaidizi wake Abid Hasan. Mwishoni mwa Aprili, kusini-mashariki ya Madagascar, bahari ikiwa imechafuka, wakahamishwa kwa mtumbwi wa mpira hadi kwenye nyambizi ya Kijapani. Wale 3,000 aliowaapisha akawaacha nyuma. Wajerumani waliwapeleka Uholanzi, kisha pwani ya Ufaransa, na mwaka 1944 wakawaweka chini ya Waffen-SS, jeshi la chama cha Nazi. Sehemu hii ya habari hairembeshwi sana kwenye sherehe za kumbukumbu yake.

Jeshi alilolikuta na jeshi alilolijenga

Jeshi la Mohan Singh lilikuwa limeshavunjika kabla Bose hajafika Asia. Mohan Singh alitaka ahadi ya maandishi kwamba Japani itaheshimu uhuru wa India. Wajapani walitaka wapelelezi, watafsiri na watu wa propaganda. Alipozidi kuwabana wakamkamata, Desemba 1942, na sehemu kubwa ya watu wake wakarudi kuwa mateka. Hilo ni jambo la kulikumbuka kila anaposema mtu kwamba jeshi hili lilikuwa kibaraka mtupu. Kibaraka havunji jeshi lake kwa kudai karatasi.

Bose alitua Singapore Julai 1943. Ndani ya miezi minne alikuwa amechukua uongozi, amelifufua jeshi, na tarehe 21 Oktoba ametangaza Serikali ya Muda ya India Huru, iliyotangaza vita dhidi ya Uingereza na Marekani. Jeshi lilifika watu takribani 40,000. Ukitaka kuelewa neno "kujitolea" lilikuwa na maana gani katika jeshi hilo, angalia walikotoka.

Kwanza mateka. Kukubali kulimaanisha chakula bora kidogo, dawa na heshima ya kushika tena silaha. Kukataa kulimaanisha kubaki chini ya Wajapani, na kila mateka alishaona maana yake. Baadhi ya waliokataa waliteswa na Wahindi wenzao ili wabadili msimamo. Mmoja wa maafisa wa jeshi hili, Abdul Rashid, alihukumiwa kwa makosa hayo baada ya vita. Maelfu wengine waliokataa walipakiwa melini kwenda kufanya kazi za sulubu New Guinea, na wengi hawakurudi. Hata hivyo tusipunguze upande wa pili. Walikuwepo maafisa waliojiunga kwa sababu ya jeraha la miaka: Mhindi aliyekuwa akilipwa kidogo kuliko Mwingereza wa cheo kilekile, na klabu za Malaya zisizomruhusu kuingia hata akiwa na nyota mabegani. Wengine, kwa maelezo yao wenyewe, waliingia ili wawe ngao kati ya Wajapani na raia wa Kihindi. Wengine waliingia wakiwa na nia ya kutorokea upande wa Waingereza mara tu watakapofika mpakani, na kweli wapo waliofanya hivyo.

Pili raia, na hapa ndipo Bose alipofanya kitu ambacho Mohan Singh hakukifanya. Maelfu ya askari wake wapya walikuwa Watamil wa mashamba ya mpira ya Malaya. Soko la mpira lilikuwa limekufa kwa sababu ya vita, mishahara imekatika, mchele haupo. Na wakati huohuo Wajapani walikuwa wakichukua vibarua wa Kitamil kwenda kujenga reli ya kutoka Siam hadi Burma, ambako walikufa kwa makumi ya maelfu kwa kipindupindu, njaa na kipigo. Kijana wa shambani aliyevaa sare ya Bose alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuepuka reli. Je, huyo alijitolea? Nadhani ndiyo, na nadhani pia alikuwa akikimbia. Moyo wa binadamu unaweza kubeba vyote viwili bila kuona aibu.

Fedha nazo zilipatikana kwa namna hiyohiyo. Wapo waliovua vidani na bangili kwa machozi. Janaki Thevar, binti wa Malaya aliyekuwa na miaka 18 hivi, alitoa hereni zake za dhahabu na kisha akajiandikisha jeshini. Lakini matajiri mali zao zilikadiriwa na wakatakiwa kutoa sehemu, na Bose aliwaambia waziwazi kwamba wakati wa vita mali si ya mtu binafsi.

Mahali ambapo hata wakosoaji wake humpa haki yake ni jikoni. Katika Jeshi la India la Waingereza, askari walipangwa kwa kabila, dini na tabaka, na kila kundi lilikuwa na wapishi wake na vyombo vyake. Jeshi la Bose lilikula pamoja: Mhindu, Mwislamu, Singasinga na Mkristo, chakula kimoja. Amri zilitolewa kwa Kihindustani kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi ili pasiwe na ugomvi wa hati ya nani itumike. Salamu ya "Jai Hind" ilibuniwa na Abid Hasan, Mwislamu wa Hyderabad, yule yule wa kwenye nyambizi. Wafanyabiashara wa Kichettiar wa Singapore walipomwalika Bose hekaluni kwao, hekalu ambalo halikuwa likiwaruhusu hata Wahindu wa matabaka ya chini, alijibu kwamba atakuja iwapo wenzake wa dini zote wataingia naye. Wakakubali. Akaingia akiwa na Waislamu na Wakristo wake. Kwa nchi ambayo miaka minne baadaye ingegawanyika kwa damu, hili halikuwa jambo dogo.

Na wanawake. Kikosi cha Rani wa Jhansi, kilichopewa jina la malkia aliyewahi kupigana na Waingereza, kiliongozwa na Dk. Lakshmi Swaminathan, daktari kutoka Madras aliyekuwa akifanya kazi Singapore. Kambi yao ilifunguliwa Oktoba 1943. Wengi wao walikuwa mabinti wa mashambani waliozaliwa Malaya, wasioijua India hata kwa macho. Walifunzwa bunduki, mabomu ya mkono na matembezi ya usiku. Hawakufikishwa mstari wa mbele. Kazi yao Burma ikawa zaidi ya uuguzi. Aprili 1945, Rangoon ilipokuwa inaanguka, Bose alikataa kuondoka bila wao, na akatembea nao usiku kwa usiku kuelekea Siam.

Imphal, na askari wa keya

Vitani mambo hayakwenda. Machi 1944 Wajapani walivuka kutoka Burma kuingia India wakilenga Imphal na Kohima, watu wapatao 85,000. Bose alisihi watu wake nao wapewe nafasi ya mbele, wakapewa kiasi: kama 6,000, bila mizinga, bila ndege, bila magari ya kutosha. Brigedi zao zilikuwa na majina ya Gandhi, Nehru na Azad, viongozi watatu wa Congress ambao hawakuwa wameombwa ruhusa. Aprili 14 bendera yao ilipandishwa Moirang, kusini mwa Imphal. Kisha mvua zikaanza.

Mpango wa Kijapani ulitegemea kula chakula watakachokiteka kwa Waingereza. Hawakukiteka. Wajapani walipoteza zaidi ya nusu ya nguvu yao, wengi kwa njaa, malaria na kuhara kuliko kwa risasi, na Wahindi waliokuwa nao walikufa vivyo hivyo. Matumaini ya Bose kwamba askari wa Kihindi upande wa pili wakiona bendera yao watahama yalikwama. Watu hao walikuwa sehemu ya Jeshi la India la Waingereza lililofikia watu milioni 2.5, ambao hakuna sheria iliyowalazimisha kujiandikisha. Yaani pale Imphal walikutana Wahindi wa kujitolea kwa Wahindi wa kujitolea. Wengi wa upande wa Waingereza waliwatazama ndugu zao wale kama watu waliokula kiapo wakakitapika.

Hapa habari inapita mlangoni kwetu. Waliowafukuza Wajapani kushuka Bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, kwenye tope na mbu wa malaria wa kule, walikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki: keya, yaani askari wa King's African Rifles, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Walifika Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Wengine hawakuwahi hata kuiona Burma, au Bama kama walivyoiita: Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi wakafa watu 1,297, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nao pia waliitwa watu wa kujitolea. Wapo waliofuata mshahara, wapo waliotaka kuona dunia, na wapo waliopelekwa na machifu waliopewa idadi ya kutimiza. Ukiwafikiria hao, vijana wa mashamba ya mpira hawakushangazi tena.

Kuna kisa kimoja ambacho kwangu kinamhukumu Bose kuliko mkono wa Hitler. Wajapani walitangaza kumkabidhi visiwa vya Andaman na Nicobar, eneo la kwanza la "India huru". Mwishoni mwa Desemba 1943 alikwenda Port Blair siku tatu, akapandisha bendera, akavipa visiwa majina mapya. Wakati anasherehekea, Dk. Diwan Singh, aliyekuwa kiongozi wa jumuiya ya Wahindi kisiwani, alikuwa gerezani palepale akiteswa na Wajapani kwa tuhuma za ujasusi. Alikufa wiki mbili baadaye. Tarehe 30 Januari 1944 Wajapani wakawapiga risasi watu 44 huko Homfreyganj. Bose aliongozwa na wenyeji wake wa Kijapani mahali walipotaka aende, akaondoka. Aliyekuwa amewatoroka polisi wa Calcutta kwa kujigeuza mtu mwingine hakuweza, au hakutaka, kuwatoroka waandalizi wa ziara yake kwa saa moja.

Lakini mizani haikai upande mmoja. Mwaka huohuo wa 1943, njaa iliua watu wapatao milioni tatu Bengal, nyumbani kwake, chini ya serikali ya Uingereza iliyokuwa na vipaumbele vingine. Bose alitangaza redioni kwamba yuko tayari kupeleka mchele kutoka Burma. Hakujibiwa. Mbengali anayemwita Netaji hadi leo anazungumza akiwa na kumbukumbu ya mwaka ule.

Kushindwa vitani, kushinda mahakamani

Bose alifariki tarehe 18 Agosti 1945 kwa majeraha ya moto baada ya ndege ya Kijapani kuanguka Taipei. Tume tatu za India zimelichunguza jambo hilo. Mbili zilikubali ajali, ya tatu ikaikataa, na serikali ikaikataa hiyo ya tatu. Wapo wanaoamini aliishi kama mtawa miongo mingi baadaye. Ushahidi wa ajali ni mzito, na sioni sababu ya kupoteza muda hapo.

Kilichobadilisha historia ni kosa la Waingereza. Novemba 1945 waliwafikisha maafisa watatu mbele ya mahakama ya kijeshi katika Ngome Nyekundu, Delhi, kwa kosa la kumpiga vita Mfalme: Shah Nawaz Khan, Mwislamu, Prem Sahgal, Mhindu, na Gurbaksh Singh Dhillon, Singasinga. Hata ungeajiriwa kumfanyia Bose kampeni usingeweza kuchagua vizuri zaidi. Wakati wa vita udhibiti wa habari ulikuwa umeficha mengi, na kwa Wahindi wengi hii ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwa urefu kwamba jeshi hilo lilikuwepo. Bhulabhai Desai aliongoza utetezi, akihoji kwamba watu wanaotawaliwa wana haki ya kupigana ili wajikomboe. Nehru, ambaye wakati wa vita alisema angempinga Bose iwapo angeingia na Wajapani, alivaa joho la uwakili aliloliacha miaka mingi nyuma na kuketi na watetezi. Watatu hao walitiwa hatiani na kuhukumiwa uhamisho wa maisha. Mwanzoni mwa Januari 1946 Mkuu wa Majeshi, Claude Auchinleck, akaifuta adhabu hiyo, kwa sababu hakuwa tena na hakika kwamba jeshi lake lingevumilia kuiona ikitekelezwa. Mwezi uliofuata mabaharia wapatao 20,000 waligoma kuanzia Bombay.

Je, Bose ndiye aliyeleta uhuru wa 1947? Hapana, si peke yake, na anayesema hivyo anafuta miaka 30 ya migomo, magereza na maandamano ya watu wasiokuwa na bunduki. Lakini himaya hiyo ilisimama juu ya utiifu wa askari wa Kihindi, na baada ya kesi ile hakuna aliyeweza tena kuapa kwamba utiifu huo upo.

Uhuru ulipokuja, askari wa Bose walitarajia kurudishwa jeshini. Nehru, sasa waziri mkuu, alikataa. Jeshi alilorithi lilikuwa la wale waliobaki na kiapo chao, maafisa wake hawakutaka kukaa meza moja na waliokivunja, na nchi iliyokuwa inagawanyika vipande viwili haikuweza kumudu jeshi linalogombana lenyewe. Shah Nawaz Khan aliingia bungeni na serikalini. Wengine walijikuta Pakistan, na wapo waliopigana Kashmir dhidi ya nchi waliyokuwa wameapa kuikomboa. Askari wa kawaida walirudi vijijini bila cheo wala kiinua mgongo, na pensheni ya wapigania uhuru ilianza kutolewa mwaka 1972.